Punje Zilizobaki Mkononi mwa Sanga

Mjukuu wangu Neema anaandika programu za kompyuta Dar es Salaam. Juzi alikuja Uyole kunisalimia, akafungua laptopu yake mezani pangu, akafanya mkutano na wenzake sita, kila mmoja yuko kwake. Mimi nilikuwa nachambua maharage huku nasikiliza. Kiongozi wao alieleza jambo refu, akauliza kama kuna mwenye swali. Kimya. Akasema basi, tumekubaliana. Wakaagana kwa vicheko, na mkutano ukaisha kabla sijamaliza ungo.

Nikamuuliza Neema, "Nani amepinga?"

"Hakuna aliyepinga, bibi. Tumeelewana vizuri sana."

"Na wewe umekubali?"

Akasita. Akasema kulikuwa na kitu kidogo kilichomkera, lakini sehemu ile ni ya mwenzake, hakutaka kumwingilia.

Niliweka ungo chini. Nimestaafu siku nyingi, magoti yangu hayanisikii tena, lakini hilo neno la kutotaka kumwingilia mwenzako bado linanipandisha hasira. Ndiyo maana naandika. Ninyi vijana mnaoandika programu kwa makundi, kaeni mnisikilize. Kazi yenu niliifanya kabla hamjazaliwa, niliifanya bila kompyuta mezani, na nusura niiharibu kwa adabu zangu nzuri.

Kwanza mfahamu tulivyofanya kazi, maana Neema mwenyewe hakuniamini. Miaka ya sabini kompyuta tuliyoitumia ilikuwa Dar es Salaam, na sisi tulikuwa Mbeya. Ofisi siitaji. Ilikuwa inagawa mbegu na mbolea vijijini. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vipya, malori yalikuwa machache, na mvua haikuwa na habari na ofisi yetu. Wakubwa wakaamua kwamba safari za malori zipangwe na kompyuta: lori gani liende kijiji gani, wiki gani, na magunia mangapi. Kompyuta haijui kupanga mpaka mtu aiandikie hatua kwa hatua. Tulioambiwa tuandike ni sisi wa Mbeya pamoja na wenzetu wa Iringa.

Tuliandika kwa penseli, kwenye karatasi zenye vijumba, herufi moja kila kijumba. Karatasi zilitiwa kwenye bahasha ya kaki, zikapanda basi. Huko Dar akina dada walizigeuza kuwa kadi zenye matundu, kadi zikalishwa mashine, na majibu yakachapwa yakarudi na basi. Safari nzima ilichukua wiki tatu, basi likiwa na afya. Ukisahau nukta moja, wiki tatu zimekwenda, na nyingine tatu zinakusubiri.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuorodhesha vijiji vya upande wa Rungwe. Niliiambia mashine ichukue kijiji, ikichape, ichukue kinachofuata. Sikuiambia isimame wapi. Ilipofika kijiji cha mwisho iliendelea kukichapa hicho hicho mpaka mtu wa zamu alipoizima. Walinitumia karatasi zote, sijui kwa kunikomoa au kwa kufuata utaratibu. Nilikwenda stendi kuzipokea, nikazibeba kichwani mpaka ofisini, na njia nzima wauza ndizi wakiniuliza nimenunua wapi karatasi za kufungia. Mkuu wetu alibandika ukurasa mmoja ukutani juu ya meza yangu. Dereva wetu, Sanga, alianza kuniita kwa jina la kile kijiji, akaendelea kuniita hivyo miaka miwili. Mpaka leo nikiandika orodha ya kwenda sokoni napiga mstari chini ya kitu cha mwisho.

Huyo mkuu wetu alikuwa Mzee Ngailo. Zamani alifundisha hesabu, na chaki haikumtoka mfukoni hata baada ya kuacha ualimu. Kwa kuwa kosa moja lilikuwa wiki tatu, alibuni njia ya kuyakamata makosa kabla hayajapanda basi. Aliiita kuitembeza programu. Tulisogeza meza ukutani, naye akaichora programu nzima sakafuni kwa chaki: vyumba, mishale ya kutoka chumba hadi chumba, na kila palipo na uamuzi, swali lenye mishale miwili, wa ndiyo na wa hapana. Kila mmoja wetu alisimama kwenye chumba chake na karatasi ya maagizo. Punje za mahindi zilikuwa ndiyo magunia, punje moja kwa magunia kumi, na sufuria ilikuwa ghala. Sanga alikuwa lori. Anachukua punje kwenye sufuria, anafuata mishale, akifika kwenye swali anauliza, anajibiwa, anaendelea. Sharti lilikuwa moja: ukiwa ndani ya chumba hutumii akili yako. Unafanya kilichoandikwa tu, hata kama ni ujinga, ili ujinga uonekane mapema.

Sanga ndiye hakuliweza hilo sharti. Siku ya kwanza alifika kwenye kijiji kimoja cha Umalila akagoma katikati ya mshale.

"Endelea," Mzee Ngailo alimwambia. "Karatasi inasema nenda."

"Karatasi haijui. Pale daraja lilishaondoka na maji. Mimi siwezi kutumbukiza lori mtoni kwa ajili ya chaki."

Sisi tulicheka. Mzee Ngailo hakucheka. Alipiga magoti na suruali yake ya kupigwa pasi, akafuta mshale kwa kiganja, akachora swali jipya: daraja lipo? Kama ndiyo, nenda kijijini. Kama hapana, shusha mzigo kwenye barabara kuu, na wanakijiji wapelekewe habari waje kuchukua. Tukaliingiza kwenye programu siku hiyo hiyo.

Shikeni hilo, kwa sababu ni kubwa kuliko lugha zote za kompyuta mnazosoma. Mtu anayeijua kazi akisita, pale aliposita pana swali ambalo hamjaliandika. Msimcheke. Chukueni chaki.

Mzee Ngailo alikuwa na utaratibu mwingine, wa vikao. Kabla ya kuamua jambo alimuuliza mdogo kuliko wote kwanza, kisha anayefuata, yeye akawa wa mwisho. Alisema, "Nikianza mimi, wote mtasema 'kama alivyosema mzee.' Sasa ofisi itakuwa imeajiri watu watano ili wanisikilize mimi?" Na majibu aliyaandika kwenye daftari, jina na neno.

Mdogo kuliko wote nilikuwa mimi. Nililelewa Tukuyu na baba ambaye ukimjibu kabla hajamaliza unalala bila kula. Kwa hiyo kila aliponiuliza, "Tusekile, una neno?" nilijibu, "Sina neno, mzee." Ukilifungua lile daftari utakuta ukurasa kwa ukurasa: Tusekile, hana neno. Mzee wa watu alinifungulia mlango kila siku, na mimi nilisimama kizingitini kila siku.

Sasa nije Iringa. Mkuu wa huko alikuwa Mzee Kalinga, mtu wa Kalenga, mpole, asiyepandisha sauti hata akiwa amekasirika. Chini yake alikuwapo kijana aitwaye Lukelo, rika langu. Tuligawana kazi hivi: Iringa waorodheshe vijiji vyao wakianzia mjini kwao kuja huku, na sisi tuorodheshe vyetu tukianzia Mbeya kwenda kule. Programu ingesoma orodha moja, kisha nyingine. Kwenye karatasi ilipendeza.

Ila pale orodha zilipokutana, upande wa Igawa, palikuwa na vijiji vitatu vipya. Watu wake walitoka pande zote mbili za mpaka, na ofisi zote mbili zilishawahi kuwahudumia. Tulipofika kwenye vijiji hivyo Mzee Ngailo alisema, "Hivi vya katikati tuwaachie wenzetu. Mzee Kalinga amehangaika navyo sana. Tukiviandika sisi, ataona tunamnyang'anya." Kisha akafungua daftari. "Tusekile, una neno?"

Nilikuwa nalo. Kimojawapo cha vijiji hivyo kilikuwa Lyamboko, na Lyamboko ndiko alikokuwa shangazi yangu Atupele, dada wa baba. Siku chache nyuma alikuwa amenitumia salamu na mtu wa mchele, na ndani ya salamu kulikuwa na lalamiko: wenzao wote wamepimiwa mashamba kwa ajili ya mbolea, wao hakuna aliyewafikia, si wa Mbeya wala wa Iringa. Kwa hiyo mimi nilijua kitu ambacho mkuu wangu hakukijua. Alikuwa ameniuliza mimi kwanza, na kalamu mkononi.

"Sina neno, mzee," nikasema.

Ilikuwa wakati wa kuvuna. Nilijiambia wazee hawa wameshaandikiana. Nilijiambia Iringa watakwenda kupima baadaye. Nilijiambia kwamba nikimtaja shangazi nitaonekana napendelea ndugu. Sababu zote hizo zilikuwa nzuri na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Niliogopa kumwambia mkubwa kwamba amekosea, basi.

Miezi ikapita. Mwishoni mwa kiangazi, mawingu yameanza kurundikana, tulikwenda Iringa na Landrova ili tuitembeze programu nzima, nusu yetu na nusu yao, kwa pamoja. Ilikuwa Jumanne. Zamu yetu kwenye mashine ya Dar ilikuwa Ijumaa, na tulishaambiwa kwamba ikitupita hakuna nyingine mpaka mwezi ujao. Mwezi ujao barabara za tope zingekuwa zimefungwa. Kwa hiyo karatasi zilipaswa kupanda basi la Jumatano asubuhi.

Wenyeji wetu walitupokea kwa Kamwene nyingi, salamu ya Kihehe, na kila Kamwene ilikuwa na habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, mpaka Sanga akaninong'oneza kwamba zamu ya Ijumaa itatukuta bado tunasalimiana. Kisha chaki ikachorwa kwenye ukumbi wao, mkubwa kuliko ofisi yetu. Lukelo alisimama kwenye orodha ya Iringa, mimi kwenye ya Mbeya. Sanga alitembea. Ilikwenda vizuri kupita siku zote. Hakuna aliyegongana na mwenzake, hakuna mshale uliokosa mwisho. Lori liliporudi mara ya mwisho sufuria ilikuwa tupu na vijiji vyote vilivyoandikwa vimepata.

Tatizo, ila hatukuliona kuwa tatizo, ni kwamba Sanga bado alikuwa na punje mkononi. Kiganja kizima.

"Akiba," Mzee Kalinga akasema, na uso wake ukang'aa. "Tumegawa vijiji vyote na tumebakiza."

Watu wakapiga makofi. Togwa ikaletwa. Sanga alibaki amesimama katikati ya chaki, anaziangalia zile punje.

"Mimi nimeendesha mbolea miaka mingi," alisema. "Kila mwaka inapungua. Sijawahi kuiona ikibaki. Leo imebaki kwa nini?"

"Ndiyo faida ya kompyuta, bwana," Mzee Kalinga akamjibu, na ukumbi ukacheka.

Mzee Ngailo hakuwa amecheka. Alimwangalia Sanga jinsi alivyomwangalia siku ya daraja la Umalila. Kisha akatoa daftari. Iringa hawakuzoea utaratibu wetu. Kwao mkuu husema na wengine huitikia. Wakashangaa kuona mzee mzima anamgeukia msichana kabla ya mtu mwingine.

"Tusekile, una neno?"

Mgao wetu ulikuwa umekadiriwa na wakubwa kwa vijiji vyote vya mikoa miwili. Kama vyote vingekuwa ndani ya orodha, kusingebaki kitu. Nilijua hesabu hiyo, na nilijua zile punje ni za nani.

"Mzee, hizo si akiba," nikasema. "Hizo ni Lyamboko. Na vile viwili vya jirani."

Kikombe kikawekwa mezani mahali fulani. Mzee Kalinga akasema taratibu, "Lyamboko si ya kwenu?"

"Si ya kwenu?" Mzee Ngailo akauliza.

"Sisi tuliwaachia ninyi," Mzee Kalinga akasema. "Hatukutaka kuwaingilia."

"Na sisi tuliwaachia ninyi."

Wakatazamana. Halafu Lukelo akasema kutoka kwenye chumba chake cha chaki, sauti ikiwa chini, "Hata mimi niliona. Tangu wakati wa kuvuna. Nilidhani Mbeya wanavyo."

Sitasahau nilivyomtazama yule kijana. Miezi yote ile tulikuwa wawili, mmoja kila upande wa mpaka, tumekalia jambo moja. Mmoja wetu angefungua mdomo ingetosha.

Mngedhani hapo wazee wangevichukua vile vijiji haraka. Wapi. Mzee Kalinga alisema, "Basi viandikeni ninyi, sisi hatuna kinyongo." Mzee Ngailo akasema hapana, ninyi ndio mliovianza. Mzee Kalinga akasema haiwezekani, wageni hawawezi kutoka Iringa wakiwa wamepunguziwa. Wakaanza mzunguko wa pili. Nikatoka kwenye chumba changu cha chaki, nikasimama kati yao.

"Wazee wangu, shikamooni," nikasema. "Heshima hii ndiyo iliyowaacha wale watu bila mbolea. Viingie mwisho wa orodha ya Mbeya, leo, na atakayeudhika aniudhikie mimi."

Mzee Kalinga alivua miwani. "Huyu binti mmemtoa wapi?"

"Tukuyu," Sanga akajibu.

Kuandika majina ya vijiji kulichukua dakika mbili. Shida ni kwamba programu ilitaka ukubwa wa mashamba ya kila kijiji, na hakuna ofisi iliyokuwa nao. Mmoja wa vijana wa Iringa akashauri tupeleke programu ilivyo, zile punje tuzigawe baadaye kwa mkono. Sanga akamuuliza, "Malori yakishapangwa na mashine, nani ataniruhusu kutoka nje ya karatasi?"

Tukaamua, na safari hii kila mtu aliulizwa, mdogo kwanza, wa Mbeya na wa Iringa. Programu ingetangulia Dar na basi la Jumatano, na Mzee Kalinga akasema ataipeleka mwenyewe, wala asibishiwe. Mimi, Lukelo na Sanga tungeondoka saa ile ile, tulale Makambako, tupime vijiji vitatu Jumatano, na Alhamisi tulisimamishe basi la Mbeya kwenda Dar likipita Makambako, tumpe dereva wake bahasha. Mzee Kalinga angeipokea stendi ya Dar. Kama tungelikosa basi, Lyamboko ingekosa msimu. Nilimwambia Lukelo ndani ya gari kwamba mimi sirudi Mbeya na karatasi tupu, na kama Landrova itakufa nitatembea. Akasema naye atatembea. Sanga akasema Landrova yake haifi kwa sababu ya watoto wa ofisini.

Vijiji viwili vya kwanza tulivimaliza kabla ya adhuhuri. Wenyeviti wao walikuwa na madaftari, wakatusomea, tukaandika. Lyamboko tukakuta daraja la miti limelala mtoni tangu masika iliyopita. Maji yalikuwa ya kwenye vifundo vya miguu, lakini kingo zilikuwa za kupanda mbuzi. Sanga akabaki na gari. Nilivua viatu vyangu vya ofisini, vya kisigino, nikafunga kanga, tukavuka na Lukelo na kutembea saa nzima na ushee.

Mwenyekiti wa kijiji aliitwa Masanja. Alikuja Usangu kutoka kaskazini na ng'ombe wake, akaishia kulima mahindi mpakani. Alitupokea amekaa.

"Nilifika Mbeya," alisema. "Wakaniambia nenda Iringa. Nikafika Iringa, wakanikaribisha chai, wakaniambia nenda Mbeya. Nikamwambia mke wangu, hawa watu wa ofisini wana adabu nyingi sana, hawatatupa hata kilo."

Lukelo alimwomba radhi. Mimi nilishindwa hata hilo, kwa sababu nilikuwa nimemwona shangazi Atupele amesimama nyuma ya watu. Alinichukua kwake, akaketi kwenye kigoda, akaendelea kupukuchua mahindi bila kuniangalia.

"Salamu zangu zilikufika?"

"Zilifika, shangazi."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wakati wa kuvuna."

Alipukuchua gunzi mpaka likaisha. Nilitamani anitukane. Badala yake aliinuka akaniwekea ugali na maharage mbele yangu. "Kula," akasema. "Ukimaliza, shamba langu ulipime mwenyewe kwa miguu yako. Usimuulize mtu." Nilikula huku machozi yanaingia kwenye maharage, na sikuona haya kulia, aibu niliyokuwa nayo ilikuwa ya kitu kingine. Kisha nikalipima, hatua kwa hatua, pembe hadi pembe. Lukelo na Masanja walipima mengine mpaka jua lilipoanza kuzama.

Alhamisi tulisimama barabarani Makambako, Lukelo upande huu na mimi upande ule, tunapunga kanga yangu na shati lake. Basi lilipokuja lilikuwa limejaa na halikuonyesha dalili ya kusimama. Sanga akawasha Landrova, akaivusha katikati ya lami, akaizima, akashuka na kufungua boneti kana kwamba anatafuta ugonjwa. Basi likasimama. Matusi ya dereva wa basi siyaandiki, lakini bahasha ilipanda.

Niwatoe wasiwasi: mbolea ya Lyamboko ilifika. Ilishushwa kwenye barabara kuu, Masanja akaivusha kwa mikokoteni ya ng'ombe, na mvua kubwa ikaanguka siku ya tatu yake. Nilipomsimulia Neema, tulipofika hapo alifikiri hadithi imeisha, akaanza kufunga laptopu. Nikamwambia afungue kwanza ampigie yule mwenzake. Alimpigia. Walichozungumza ni chao, lakini hakikuwa kifupi.

Hadithi inaishia kwenye ofisi yetu Mbeya, siku majibu yaliporudi kutoka Dar, kabla lori lolote halijaondoka. Hatukuwa na sababu ya kuitembeza tena, mashine ilishamaliza kazi. Mzee Ngailo akachora hata hivyo. Punje ziliingia kwenye sufuria, Sanga akatembea kwa kufuata karatasi iliyochapwa, kijiji hadi kijiji, mpaka vile vitatu vya mwisho. Lyamboko ilikuwa mstari wa mwisho kabisa: daraja, hapana, shusha barabara kuu. Akaweka punje za Lyamboko kwenye mstari wa chaki. Kisha akageuka, akafungua viganja vyote viwili. Havikuwa na kitu.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Mzee Ngailo alifungua daftari kama kawaida yake.

"Tusekile, una neno?"

"Ninalo," nikasema.

Alivuta kiti, akaketi.

"Hapa imeandikwa kwamba daraja likiwa halipo, wanakijiji wapelekewe habari waje kuchukua mzigo. Haikuandikwa nani anawapelekea."

Mzee alimtazama Sanga. Sanga alimtazama karani wetu wa ghala, aliyeshika sufuria. Karani wa ghala alikuwa anatazama dirisha. Kila mmoja alikuwa amedhani ni mwenzake, na hata mimi, mpaka asubuhi ile, nilidhani ni wao.

Mzee Ngailo alitoa chaki mfukoni, akaninyooshea. Nilipiga magoti sakafuni, kwenye kile chumba cha mwisho, nikaandika jina langu.